Treni ya Sumaku Inalipa Wapi?

Ndani ya behewa la treni ya sumaku ya Shanghai, China, ile inayokwenda bila kugusa njia yake, juu ya mlango kuna kibao cha umeme kinachoonyesha mwendo. Treni ikishaondoka stesheni ya Longyang Road kuelekea uwanja wa ndege wa Pudong, tarakimu zinapanda mbiombio: 100, 200, 300. Kwa miaka mingi zilikuwa zikifika 431, abiria wanainua simu kupiga picha, na kabla dakika moja haijaisha zinaanza kushuka. Njia nzima ina urefu wa kilomita 30 hivi. Treni inahitaji takriban kilomita 12 ili kuufikia mwendo huo na karibu kiasi hichohicho ili isimame, kwa hiyo kinachobaki katikati ni kilomita tano au sita tu za kukimbia kwa nguvu zake zote.

Tangu 2021 mwendo umeshushwa hadi kilomita 300 kwa saa. Safari iliyokuwa ya dakika saba na ushee sasa ni ya dakika nane na kitu. Karibu theluthi ya mwendo imeondolewa, na abiria hajapoteza hata dakika moja kamili.

Kisa hicho kinatosha kuonyesha kwa nini mjadala wa treni hizi huenda mrama. Watu hubishana kuhusu mwendo, ilhali abiria hanunui mwendo. Ananunua muda, kuanzia anapofunga mlango wa nyumba yake hadi anapogonga mlango wa anakokwenda. Treni ya sumaku inalipa pale tu muda unaookolewa na kila abiria, ukizidishwa kwa idadi ya abiria, unapokuwa mkubwa kiasi cha kulipia njia yake. Sehemu za namna hiyo duniani ni chache mno. Nadhani kuna moja iliyo wazi, nyingine moja au mbili za kubishaniwa, na basi.

Tuanze na mashine yenyewe, kwa sababu gharama zake zinatokana na jinsi inavyofanya kazi. Treni ya kawaida ya mwendo wa kasi husukumwa na mshiko wa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, na umeme huuchota kwenye waya ulio juu kwa mkono unaoteleza chini ya waya huo. Ikishapita kilomita 350 kwa saa mambo yanakuwa magumu: mshiko unapungua, reli na magurudumu yanalika haraka, na waya unacheza kwa mawimbi mpaka mkono unashindwa kuugusa sawasawa. Haina maana kwamba haiwezekani kwenda zaidi. Tarehe 3 Aprili 2007 Wafaransa waliikimbiza TGV, treni yao ya mwendo wa kasi, kilomita 574.8 kwa saa juu ya reli za chuma. Lakini iliwabidi wafunge magurudumu makubwa zaidi, wakaze waya na kupandisha volti. Kwa maandalizi ya namna hiyo unavunja rekodi, hubebi watu kazini kila siku.

Treni ya sumaku haigusi njia. Katika mfumo wa Kijerumani wa Transrapid, ndio uliojengwa Shanghai, sumaku za umeme huvutwa kuelekea reli ya chuma kutoka chini na kuiinua treni kama sentimita moja, huku kompyuta ikirekebisha nguvu hiyo bila kukoma. Wajapani wao hutumia sumaku za nyaya zilizopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ambapo umeme hupita bila kizuizi chochote. Treni yao huanza safari kwa magurudumu ya mpira, na ikifika kilomita 150 hivi kwa saa inanyanyuka na kuelea sentimita 10 juu ya njia.

Mota ndiyo inayobeba hesabu yote. Katika treni ya kawaida mota iko ndani ya treni: ukiwa na treni kumi unanunua mota za treni kumi, abiria wakiongezeka unaongeza. Katika treni ya sumaku ya mwendo wa kasi sehemu kubwa ya mota imelazwa njiani, koili baada ya koili, kutoka stesheni ya kwanza hadi ya mwisho. Upitishe treni moja kwa siku au mia mbili, mota ya kilomita mia tatu umeshainunua. Njia ya namna hii yenye abiria wachache haiwezi kuokolewa na usimamizi mzuri wala nauli nafuu.

Upepo nao haukwepeki. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 300 hadi 500 kwa saa nguvu ya hewa inayoipinga treni huwa karibu mara 2.8, iwe inaelea au ina magurudumu. Kuelea kunaondoa msuguano wa chuma kwa chuma, ambao katika mwendo huo ulikwisha kuwa sehemu ndogo ya bili ya umeme.

Sasa tupige hesabu ya muda. Chukua treni ya magurudumu yenye wastani wa kilomita 250 kwa saa pamoja na kusimama vituoni, na ya sumaku yenye wastani wa 430, ambao ndio uliopangwa kati ya Tokyo na Nagoya. Kwa safari ya kilomita 100 unaokoa dakika kumi, ambazo ngazi za stesheni na foleni ya tiketi zinaweza kuzila zote. Kwa kilomita 300 unaokoa nusu saa. Kwa 500, dakika 50. Kwa 1,000 unaokoa saa moja na dakika 40, na hapo hata ndege inaanza kuhangaika, kwa sababu abiria wa ndege ana safari ya kwenda uwanjani, ukaguzi na kusubiri mizigo. Ukienda mbali zaidi, tuseme kilomita 2,500, treni inataka karibu saa sita na ndege inarudi kushinda. Umbali unaoifaa treni ya sumaku, basi, ni kama kati ya kilomita 400 na 1,500.

Njia za kwenda uwanja wa ndege, ambazo wanasiasa wamezipenda sana, ziko nje kabisa ya umbali huo. Ile ya Shanghai iligharimu karibu yuani bilioni 10. Longyang Road haiko katikati ya jiji, kwa hiyo abiria mwenye begi anashuka, anavuta mzigo wake hadi treni ya chini ya ardhi na kuendelea na safari. Treni za sumaku zenyewe hupishana kwa dakika 15 hadi 20. Anayeikosa moja anasubiri muda mrefu kuliko ule aliokuwa anauokoa, wakati treni ya chini ya ardhi ya Line 2 inafika uwanjani kwa nauli ndogo zaidi.

Wajerumani waliona hivyo Munich. Mpango wa kuunganisha stesheni kuu na uwanja wa ndege ulifutwa Machi 2008, makadirio yalipopanda kutoka euro bilioni 1.85 hadi zaidi ya bilioni 3. Korea Kusini ilijenga njia ndogo ya mwendo wa polepole kwenye uwanja wa ndege wa Incheon, kilomita 6 tu, ikaizindua 2016 na kuwabeba watu bure. Bado abiria walikuwa wachache, na huduma ikasimamishwa baada ya miaka michache.

Kisa cha Kijerumani kinachofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni Berlin–Hamburg. Ni miji miwili mikubwa, ardhi tambarare, umbali usiofika kilomita 300, na teknolojia ni ya nyumbani. Transrapid ingewafikisha watu chini ya saa moja. Mradi ulifutwa mwaka 2000 baada ya gharama kupanda na makadirio ya abiria kushuka. Badala yake njia ya zamani ilikarabatiwa ili treni zipite kwa kilomita 230 kwa saa, na kufikia mwisho wa 2004 safari ilikuwa ya dakika 90 hivi. Nusu saa na ushee iliyobaki ndiyo ambayo treni ya sumaku ingeiuza, kwa bei ya kujenga njia mpya nzima ambayo haiungani na reli nyingine yoyote.

Kutoungana huko watetezi wa treni ya sumaku hukuruka haraka, na wanakosea. TGV inayotoka Paris hupita kwenye njia mpya kwa kasi kubwa, kisha huingia njia ya zamani na kuendelea polepole hadi mji mdogo ambao hautajengewa njia mpya kamwe. Mjini nako huingia stesheni kuu ya miaka yote, bila kubomoa mtaa. Kilomita moja ya reli mpya inasaidia miji kumi. Kilomita moja ya njia ya sumaku inasaidia wanaokwenda mwanzo hadi mwisho wa njia hiyo tu, na njia hiyo lazima iingie katikati ya jiji kwa shimo lake yenyewe.

Kwa hiyo tunatafuta mahali ambapo abiria ni wengi kupindukia, wote wanafuata mstari mmoja, umbali ni mamia ya kilomita, na reli ya magurudumu imeshajengwa na kujaa. Tokyo, Nagoya na Osaka zinaingia hapo bila kulazimishwa.

Tokaido Shinkansen, njia ya treni za magurudumu za mwendo wa kasi, ilifunguliwa Oktoba 1964, kilomita 515 kutoka Tokyo hadi Shin-Osaka. Treni zake zina mabehewa 16 na viti zaidi ya 1,300, na saa za msongamano treni ya haraka ya Nozomi huondoka hadi mara 12 kwa saa upande mmoja, ukiacha zile zinazosimama vituo vingi. Kabla ya janga la korona ilikuwa inabeba zaidi ya watu laki nne kwa siku. Hakuna nafasi ya maana ya kuongeza treni. Njia yenyewe ina zaidi ya miaka 60, inapita ukanda wa pwani unaotishiwa na tetemeko kubwa, na huwezi kuifunga kwa ukarabati mzito bila kuibana nchi koo. Kampuni ya JR Central inayoiendesha ilihitaji njia ya pili kwa vyovyote vile. Swali likawa: kama lazima tujenge njia ya pili, tofauti ya bei kati ya magurudumu na sumaku ni kiasi gani? Hilo ni swali dogo kuliko lile la Berlin–Hamburg, na ndiyo sababu jibu lilitoka tofauti.

Njia hiyo mpya ya sumaku, Chuo Shinkansen, itakuwa ya kilomita 286 kutoka stesheni ya Shinagawa jijini Tokyo hadi Nagoya kwa dakika 40, mahali ambapo Nozomi inachukua saa moja na nusu hivi. Ikifika Osaka itakuwa dakika 67. Uwezo wa treni hausumbui mtu: Aprili 2015 ilikimbia kilomita 603 kwa saa kwenye njia ya majaribio ya Yamanashi.

Kinachosumbua ni udongo na mawe. Treni ya kilomita 500 kwa saa haiwezi kukata kona kali, abiria wangerushwa ubavuni. Tokaido iliruhusu kona za nusu kipenyo cha mita 2,500. Chuo inataka mita 8,000. Njia yenye kona za namna hiyo haizunguki mlima, inautoboa. Matokeo yake asilimia 86 ya njia ya Tokyo–Nagoya iko chini ya ardhi, ikiwemo handaki la kilomita 25 chini ya milima ya Alps ya Kusini. Mkoa wa Shizuoka, ambao hautapata hata kituo kimoja, uliogopa handaki hilo litakausha mto Oi, na gavana Kawakatsu Heita alikataa kutoa kibali kwa miaka mpaka alipojiuzulu 2024. Sioni kosa lake katika kuuliza maji yatakwenda wapi. Wakulima wa chai wa bonde lile hawakuwa wamepewa hisa katika dakika zinazookolewa.

Bajeti ya kwanza ilikuwa yeni trilioni 5.5 hivi. Mwaka 2021 ikawa 7.04. Oktoba 2025 ikawa trilioni 11, na ufunguzi uliopangwa 2027 sasa unatarajiwa 2035 kama kila kitu kitakwenda vizuri. Hiyo ni yeni bilioni 38 kwa kila kilomita. Anayesema treni ya sumaku ni ghali kwa sababu ya sumaku hajasoma bili hii: fedha nyingi zinakwenda kwenye uchimbaji, zege na bei za vifaa.

Mwaka 2013 rais wa JR Central wa wakati huo, Yamada Yoshiomi, alikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba njia hiyo peke yake kamwe haitajilipa. Mpango wa kampuni ulikuwa kuongeza yeni 700 tu juu ya nauli ya Nozomi kwa safari ya Nagoya na 1,000 kwa ya Osaka, ili abiria wasiogope. Karibu saa nzima kwa yeni 700! Kwa nini basi wajenge? Kwa sababu faida ya Tokaido inabeba zote mbili, na kampuni inaziona kama mfumo mmoja wa usafiri wenye njia mbili. Mahali pasipo na njia ya kwanza inayomimina fedha namna hiyo, mpango huu haupo.

China ndiyo mahali pa pili pa kufikiria. Beijing hadi Shanghai ni kilomita 1,318, ndani ya ule umbali tuliouhesabu, na ardhi kubwa ni tambarare. Treni za haraka zaidi huchukua saa nne na dakika 18. Treni ya sumaku ya kilomita 600 kwa saa, ambayo CRRC, kampuni ya Kichina ya kutengeneza treni, ilionyesha mfano wake Qingdao Julai 2021, ingekata safari hiyo hadi kama saa mbili na nusu na kuwaacha wenye ndege hoi. Njia iliyopo, iliyofunguliwa Juni 2011, imejaa, kwa hiyo sharti gumu kuliko yote limetimia.

Hata hivyo angalia walichofanya. Walipoamua kuongeza njia ya pili kati ya miji hiyo, walichagua reli ya magurudumu, inayopita miji mingine ambayo njia ya kwanza haikuigusa. Na Desemba 2024 walionyesha treni ya magurudumu, CR450, iliyokusudiwa kubeba abiria kwa kilomita 400 kwa saa. Kila hatua ya namna hiyo inapunguza dakika ambazo treni ya sumaku ilikuwa ije kuziuza. Wachina wana teknolojia, wana ardhi, wana abiria, na bado wanasita. Nauona huo kuwa ushahidi mzito kuliko makaratasi ya mshauri yeyote.

Marekani, ukanda wa Washington hadi Boston una watu na una fedha, lakini njia mpya iliyonyooka ingepita katikati ya nyumba za watu. Pendekezo la kutumia mfumo wa Kijapani kati ya Baltimore na Washington lilisukumwa kwa miaka mingi, na mwaka 2025 serikali kuu ikafuta mchakato wake.

Na huku kwetu? Video za treni hizi zikisambaa, haikosi mtu wa kuuliza kwa nini tulijenga reli ya kawaida. Treni ya abiria ya Nairobi–Mombasa hubeba watu zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Tokaido hubeba idadi hiyo ndani ya wiki moja. Tena reli zetu zinaishi kwa mizigo, makontena ya Mombasa na Dar es Salaam yanayokwenda bara mpaka Uganda, Rwanda na Congo, na treni ya sumaku haibebi makontena. Faida kubwa ya muda sisi tunaipata katika hatua ya kwanza. Aliyekuwa akishinda ndani ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma sasa anafika kwa saa tatu na nusu hivi, kwa treni ya kilomita 160 kwa saa. Kuikata tena safari hiyo hadi saa moja na nusu kungegharimu mara nyingi zaidi ya hatua ya kwanza, kwa akiba iliyo ndogo zaidi. Na msafiri anayeshuka Syokimau akiwa na saa nyingine ya foleni mbele yake kabla ya kufika mjini Nairobi anajua dakika zake zinapotelea wapi.

Limebaki jambo moja ambalo husahaulika kwenye mijadala: riba. Serikali ya Japani iliikopesha JR Central yeni trilioni 3 kwa riba iliyo chini ya asilimia 1, na marejesho ya mkopo wenyewe kuanza baada ya takriban miaka 30. Piga hesabu kwa trilioni 11 zote. Kwa asilimia 0.9, riba ya mwaka ni yeni bilioni 99. Tuseme abiria ni milioni 50 kwa mwaka: kila mmoja anachangia riba kama yeni 2,000. Sasa weka asilimia 8, riba ambayo nchi nyingi za Afrika zingeshukuru kuipata kwenye soko la hati fungani. Riba inakuwa bilioni 880, na kila abiria anadaiwa yeni 17,600 kabla hujalipa umeme, mishahara wala deni lenyewe. Nauli ya Nozomi hadi Nagoya leo ni zaidi kidogo ya yeni 11,000. Njia ileile, treni ileile, watu walewale. Riba peke yake imeugeuza mradi kutoka mgumu kuwa usiowezekana.

Benki Kuu ya Japani iliachana na riba hasi Machi 2024 na imekuwa ikipandisha tangu hapo, wakati JR Central bado ina matrilioni ya kutafuta. Na kipande cha Nagoya hadi Osaka, ambacho ujenzi wake haujaanza, ndicho chenye abiria wa ndege wa kunyang'anywa. Kati ya Tokyo na Nagoya karibu hakuna ndege ya kushindana nayo. Mpaka kijengwe, mtu wa Osaka atateremka Nagoya chini ardhini, apande hadi jukwaa la Shinkansen ya zamani na kukaa dakika 50 nyingine kwenye treni ya magurudumu. Akiba ya saa moja na robo aliyoahidiwa itakuwa kama dakika 40. Serikali ya Japani ikitaka mradi huu utoe faida iliyoufanya uidhinishwe, fedha zake zinahitajika zaidi kwenye kilomita hizo 150 za mwisho.